Henry wa Huntingdon, kasisi aliyetuandikia sisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wanamfahamu Henry wa Huntingdon bila kulijua jina lake. Mfalme aliyeketi ufukweni akaiamuru bahari isijae, na mfalme mwingine aliyekufa kwa kula samaki aliokatazwa na tabibu, wote wawili tumewapata kwake. Hapa nimekusanya maswali yanayoulizwa sana juu yake. Baadhi nimeyajibu kwa maneno machache, na mengine kwa urefu, kwa sababu huko ndiko yeye mwenyewe alikokuwa na mengi ya kusema.

Alikuwa nani hasa?

Alikuwa kasisi wa Uingereza wa karne ya 12. Alizaliwa karibu mwaka 1088, wakati nchi ilikuwa bado haijawazoea mabwana wapya waliovuka bahari kutoka Normandi, kaskazini mwa Ufaransa ya leo, mwaka 1066. Baba yake, Nicholas, naye alikuwa kasisi, tena mwenye cheo: arkidikoni katika dayosisi ya Lincoln. Henry alilelewa tangu utotoni katika nyumba ya askofu wa Lincoln, Robert Bloet, na huko ndiko alikosomeshwa. Baba yake alipofariki mwaka 1110, Henry akawa arkidikoni wa Huntingdon. Aliishika kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki miaka michache baada ya 1154.

Arkidikoni alifanya kazi gani?

Dayosisi ya Lincoln ilikuwa na eneo kubwa ajabu, kutoka mto Thames upande wa kusini hadi mto Humber upande wa kaskazini. Askofu mmoja asingeweza kufika kila kanisa. Ndipo wakawekwa maarkidikoni, kila mmoja na sehemu yake: kukagua makanisa, kuangalia mienendo ya mapadri, kusikiliza kesi za ndoa na wosia, kutoza faini. Walikuwa wakiitwa jicho la askofu, na naliona jina hilo linamfaa Henry kwa namna mbili. Alikuwa mtu wa kutembea, wa kukaa barazani na kusikiliza ugomvi wa watu, kisha jioni akaketi kwenye meza ya askofu ambako wakubwa wa nchi walipita. Mengi aliyoyaandika juu ya zama zake aliyaona kwa macho yake au aliyasikia kwa walioyaona.

Kwa hiyo hakuwa mtawa?

Hapana. William wa Malmesbury na Orderic Vitalis, walioandika historia katika miaka hiyohiyo, ndio waliokuwa watawa. Henry aliishi na watu, na alikuwa na familia.

Familia? Kasisi wa enzi zile mwenye mtoto?

Swali hili huulizwa kwa mshangao, na jibu lake ndilo mlango wa kumwelewa mtu mwenyewe.

Henry alikuwa mtoto wa kasisi, na yeye naye alikuwa na mtoto wa kiume aliyeitwa Adam. Katika Uingereza ya utoto wake hilo halikuwa jambo la kuficha. Makasisi wengi waliishi na wake zao, na kanisa la kijiji mara nyingi lilipita kutoka kwa baba hadi kwa mwana kama shamba. Lakini mageuzi yaliyokuwa yakisukumwa kutoka Roma yalikuwa njiani. Mwaka 1102 Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, aliitisha baraza mjini London akawakataza makasisi wa Uingereza kuwa na wake. Henry anaiandika habari hiyo na kuongeza maneno machache yenye uzito: jambo hilo halikuwa limekatazwa kabla ya hapo. Anasema wengine waliliona ni usafi wa hali ya juu, na wengine waliliona ni hatari, kwamba watu wakitaka usafi unaozidi nguvu zao wasije wakaangukia uchafu ulio mbaya zaidi.

Ukisoma hapo unamsikia mtu anayemtetea baba yake bila kumtaja. Alipofika mwaka 1110 alimtaja waziwazi. Baada ya kuandika habari za nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka huo, aliandika kwamba baba yake amefariki na kuzikwa Lincoln, akamtungia beti za Kilatini zinazosema kwamba nyota ya makasisi imeanguka. Katikati ya historia ya wafalme na vita, mwana anasimama kidogo kumlilia baba yake, ambaye kwa sheria mpya hakupaswa kuwa baba wa mtu.

Kuhusu mwaka 1125 aliandika kisa maarufu. Mjumbe wa Papa, kardinali Yohane wa Crema, alikuja London akahutubia baraza juu ya aibu ya kasisi kutoka ubavuni mwa mwanamke na kwenda kuugusa mwili wa Kristo madhabahuni. Jioni ya siku hiyohiyo, Henry anadai, kardinali alifumaniwa na kahaba. Hakuna shahidi mwingine wa kuaminika anayethibitisha. Msomaji mwangalifu akumbuke ni nani anayesimulia na kwa nini kisa hicho kilimchoma.

Na mwaka 1129, maaskofu walipomkabidhi mfalme kazi ya kuwashughulikia makasisi wenye wake, Henry anasema mfalme alichukua fedha za makasisi na kuwaacha na wake zao. Sheria ikawa kodi.

Ni nani aliyemwagiza aandike historia?

Ni askofu Alexander wa Lincoln, aliyemrithi Robert Bloet mwaka 1123. Alimtaka aandike historia ya nchi tangu mwanzo, amfuate Bede, yule mtawa wa karne ya 8, na baada yake azifuate kumbukumbu za kale za mwaka kwa mwaka. Kazi ikaitwa Historia Anglorum, yaani Historia ya Waingereza, kwa Kilatini. Toleo la kwanza lilifika mwaka 1129. Lakini Henry hakuiweka kalamu chini. Aliongeza, akasahihisha, akaongeza tena, hadi kufikia kutawazwa kwa Henry wa Pili mwaka 1154. Kitabu cha mwisho kina sehemu 10.

Katika utangulizi anasema kuyajua mambo yaliyopita ni sehemu ya kinachomtofautisha binadamu na mnyama. Wanyama, anasema, hawajui walikotoka, wala hawajali. Anaamini historia inafundisha tabia njema kuliko mafunzo makavu ya wanafalsafa, na kama shahidi anamtaja Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale.

Je, kitabu kimepangwa kwa namna gani?

Hapa Henry aliwazidi wengi. Badala ya kumwaga miaka mmojammoja alitafuta uti wa mgongo wa habari yote, akaupata katika mapigo matano. Mungu, anasema, ameipiga Uingereza mara tano: kwa Warumi, kwa Wapikti na Waskoti, kwa Waanglo na Wasaksoni, kwa Wadenmaki, na mwisho kwa Wanormani. Kila pigo lilikuja kwa sababu ya dhambi za waliokuwepo, na kila taifa lililokuja kupiga likaja kupigwa kwa zamu yake.

Fikiria ujasiri wa jambo hilo. Aliandika chini ya mfalme wa Kinormani, kwa agizo la askofu wa Kinormani, naye akawaita Wanormani pigo. Aliwasifu kwa ushujaa pia, na palepale akaandika kwamba hulka yao ni kuwaangusha adui zao hadi chini, na wakishawamaliza, kugeukiana wenyewe.

Tena ni katika kitabu hiki ambapo falme za kale za Waingereza zilihesabiwa na kupangwa kuwa saba: Kent, Sussex, Wessex, Essex, East Anglia, Mercia na Northumbria. Wanahistoria wa leo wanaona hesabu hiyo imenyooshwa mno kupita hali halisi, ila mpangilio huo umedumu madarasani kwa mamia ya miaka.

Anaaminika kiasi gani?

Inategemea ukurasa ulioushika. Sehemu kubwa kuliko zote ya kitabu chake imetoka kwa Bede na kwenye kumbukumbu zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kale, na Henry alikijua Kiingereza hicho vizuri kiasi cha kujaribu kulitia shairi la vita vya Brunanburh katika Kilatini. Pale anapotafsiri, tunaweza kumkagua neno kwa neno. Akikuta sentensi kavu kwamba watu fulani walipigana mahali fulani, anaijaza vumbi, mikuki na hotuba. Hotuba hizo ni zake. Waandishi wa Kirumi walikuwa wakifanya hivyo, na msomaji wake alizitarajia.

Kwa miaka ya utu uzima wake mambo hubadilika. Hapo ni shahidi, na bila yeye kuna mambo tusingeyajua. Ushauri wangu ni huu: kwa karne za nyuma msome kama mtunzi mwenye kipaji, na kwa miaka yake mwenyewe kama mtu aliyekuwepo, mwenye mapenzi na machungu yake.

Kile kisa cha mfalme na bahari ni cha kweli?

Cnut, ambaye vitabu vingi humwandika Canute, aliitawala Uingereza kuanzia 1016 hadi 1035. Henry aliandika karibu miaka 100 baadaye, na hakuna maandishi ya kabla yake yenye kisa hiki. Kwa hiyo hatuwezi kusema kilitokea. Kinachoniuma ni kwamba watu wanakisimulia kinyume. Siku hizi mtu akitaka kumkejeli kiongozi mwenye kiburi humfananisha na Cnut aliyedhani anaweza kuizuia bahari. Alichoandika Henry ni kitu kingine kabisa.

Mfalme, akiwa kwenye kilele cha nguvu zake, aliagiza kiti chake kiwekwe ufukweni wakati maji yanajaa. Akaiambia bahari kwamba iko chini ya amri yake, kwamba nchi aliyokalia ni yake, na kwamba hakuna aliyewahi kumkaidi akasalimika. Basi isipande juu ya ardhi yake wala isilowanishe nguo au viungo vya bwana wake. Mtu yeyote wa pwani anajua kilichofuata. Maji yakajaa kama desturi yake, yakamlowesha mfalme miguu mpaka mwundi bila adabu yoyote. Akaruka nyuma, akawatangazia watu wote wa dunia wajue kwamba uwezo wa wafalme ni mtupu, na hakuna anayestahili jina la mfalme ila Yule ambaye mbingu, nchi na bahari vinatii sheria zake za milele. Tangu siku hiyo hakuivaa tena taji yake ya dhahabu. Aliiweka juu ya sanamu ya Kristo msulubiwa.

Cnut wa Henry alikuwa akijua tangu mwanzo maji yatafanya nini. Wale wapambe wanaomsifu mfalme kupita kiasi mnaowasikia katika masimulizi ya siku hizi waliongezwa baadaye, na Henry hakutaja hata jina la ufukwe. Kwake lilikuwa funzo la unyenyekevu, na alilipa nafasi miongoni mwa mambo yanayomfanya Cnut kuwa mfalme mkubwa.

Na mfalme aliyekufa kwa kula samaki?

Huyo ni Henry wa Kwanza, aliyefariki tarehe 1 Desemba 1135 huko Lyons-la-Forêt, Normandi. Arkidikoni wetu anasema alitoka kuwinda, akala lampre, samaki warefu wanaofanana na mkunga wa baharini, ambao aliwapenda sana ingawa walimdhuru kila alipowala. Tabibu alikuwa amemkataza. Hakusikia.

Maelezo ya yaliyofuata hayasahauliki. Maiti ilipaswa kusafirishwa hadi Uingereza, na pepo zilikuwa mbaya. Ubongo, macho na matumbo vikazikwa Rouen. Mwili uliobaki ukachanjwa visu pande zote, ukatiwa chumvi nyingi, ukafungwa kwa ngozi za ng'ombe kuzuia harufu. Mtu mmoja aliahidiwa fedha nyingi akipasue kichwa kwa shoka na kutoa ubongo. Alijifunga vitambaa kichwani, lakini harufu ilimuua, na Henry anaandika kwamba huyo alikuwa wa mwisho katika wengi waliouawa na mfalme. Huko Caen, katika kanisa alimozikwa baba yake mfalme, maji meusi yalipenya zile ngozi, yakakingwa kwa vyombo chini ya jeneza na kumwagwa na watumishi waliokuwa wakizimia kwa hofu. Mwanzoni mwa 1136 mwili ukazikwa Reading, katika monasteri aliyoijenga marehemu mwenyewe.

Anamwita msomaji atazame: kichwa kilichovaa taji la dhahabu na vito, mikono iliyong'aa kwa fimbo ya enzi, mdomo uliozoea vyakula vitamu, vimeishia wapi. Waliolelewa na tenzi za kale za Pate na Lamu za kuionya nafsi watasikia hapo sauti wanayoifahamu.

Alishuhudia vita vya wenyewe kwa wenyewe?

Ndiyo, na vilimfikia nyumbani. Baada ya kifo hicho, Stephen, mpwa wa mfalme, alijitwalia taji badala ya Matilda, binti ya marehemu. Nchi ikagawanyika. Tarehe 2 Februari 1141 majeshi yalikutana Lincoln, mji wa kanisa kuu la Henry. Anasimulia kwamba asubuhi wakati wa misa, mfalme alipoutia mshumaa mikononi mwa askofu Alexander kama desturi ilivyotaka, mshumaa ulivunjika. Kisha mnyororo wa chombo cha ekaristi ukakatika, kikaanguka juu ya madhabahu mbele ya askofu. Kwa kuwa Stephen hakuwa na sauti ya kusikika, hotuba kwa jeshi ilitolewa na Baldwin mwana wa Gilbert. Stephen alipigana hadi silaha zikamvunjikia mikononi, akatekwa, na mji ukaporwa.

Alisema nini juu ya Mfalme Arthur?

Mwaka 1139, akiwa safarini kwenda Roma pamoja na askofu mkuu Theobald, alipumzika kwenye monasteri ya Bec, Normandi. Mtawa Robert wa Torigni, mpenzi mkubwa wa vitabu, alimwonyesha kitabu kipya cha Geoffrey wa Monmouth chenye habari za wafalme wa Wabritoni, wenyeji wa kisiwa kabla Waingereza hawajafika, akiwemo Arthur. Henry alipigwa na butwaa. Alikuwa ametafuta habari za wafalme hao miaka yote asizipate, na sasa zimo mkononi mwake. Akaandika muhtasari wake katika barua kwa rafiki aliyeitwa Warin. Leo tunajua kwamba sehemu kubwa ya alichokisoma ni ubunifu. Mimi simlaumu, anayetafuta kitu kwa miaka mingi akipewa, furaha humtangulia.

Aliandika nini kingine?

Mashairi, barua, na kitabu kizima cha mimea, viungo na dawa, kwa beti za Kilatini. Pia ni miongoni mwa watu wa kwanza kuandika juu ya Stonehenge, kati ya maajabu manne ya nchi: mawe makubwa kama milango juu ya milango, ambayo hakuna aliyejua yalisimamishwa vipi wala kwa nini.

Ile barua ya kuidharau dunia inahusu nini?

Ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Alimwandikia rafiki yake wa zamani, Walter, akiwahesabu watu aliowajua waliokuwa wakubwa na walivyoishia. Anaanza na nyumba aliyolelewa. Alipokuwa mtoto, anasema, alipouona utukufu wa askofu Robert, wapanda farasi wake, vyombo vya dhahabu na fedha, mavazi ya zambarau, alidhani hakuna heri zaidi ya hiyo. Askofu huyo huyo mwishoni alishtakiwa na mfalme mbele ya hakimu wa cheo cha chini na kutozwa faini nzito. Siku moja Henry alikuwa ameketi karibu naye mezani akamwona akitokwa na machozi. Akamuuliza kulikoni. Askofu akamjibu kwamba zamani watumishi wake walivaa nguo za thamani, na sasa faini za mfalme zimewavisha ngozi za kondoo. Na alipoambiwa kwamba mfalme amemsifu, alishusha pumzi akasema mfalme huwa hamsifu mtu wake ila yule anayekusudia kummaliza.

Anamkumbuka pia William, mwana na mrithi wa Mfalme Henry wa Kwanza, aliyemwona katika hariri na dhahabu akizungukwa na wapambe, akiota ufalme. Tarehe 25 Novemba 1120 meli yake iligonga mwamba karibu na Barfleur. Badala ya taji la dhahabu, anaandika Henry, kichwa kilipasuliwa na miamba. Badala ya nguo za dhahabu, akaelea uchi. Badala ya kiti cha enzi, kaburi lake likawa matumboni mwa samaki.

Ni kweli kwamba alituandikia sisi?

Ni kweli. Katika maandishi aliyoyatia tarehe ya mwaka 1135 anasimama kuhesabu mahali alipo: mwaka wa 35 wa utawala wa Mfalme Henry wa Kwanza, wa 69 tangu Wanormani kuingia, wa 703 tangu Waingereza kufika kisiwani. Kisha anaacha kuzungumza na askofu wake na watu wa zama zake. Anasema sasa anasema na ninyi mtakaokuwepo katika milenia ya tatu, karibu na mwaka wake wa 135.

Kwa hesabu yetu huo ni mwaka 2135, na sisi tumo tayari ndani ya milenia hiyo. Anatuomba tuwafikirie wao, ambao kwa wakati ule walionekana mashuhuri kwa sababu, masikini, walijiona ni kitu. Anatutaka tuwaze wamekuwa nini. Na kama maandishi yake yatakuwa yamefika mikononi mwa mtu, anamsihi mtu huyo amwombee kwa Mungu.